Kikohozi cha Madam Vumilia

Mafinga,
Jumapili mchana

Dada yangu Tumpe,

Ugonile, dada. Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ukiwa umesimama utasoma nusu halafu ukimbilie kugeuza ndizi jikoni. Mama anaendeleaje na mguu? Bado anakataa fimbo? Na shemeji, kile kifua kimeachia? Mimi ni mzima. Baridi ya huku ni ileile. Asubuhi ukungu unateremka kutoka msituni mpaka unamsikia mwanafunzi kabla hujamwona.

Kwenye simu uliniuliza mara mbili mchezo wa shule ulikwendaje, nikakujibu ulikwenda vizuri. Ni kweli. Ila kuna jambo nililifanya, na mdomo ukawa mzito kulisema. Ndiyo maana naandika.

Unakumbuka shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, nilivyokaa hapo kwako Ilomba nikiandika nyimbo juu ya meza ya chakula, watoto wako wakizikariri kabla sijazimaliza. Ndio ule mchezo wa mama anayemtafuta binti yake msitu ukiwaka moto, wote wa kuimbwa mwanzo hadi mwisho. Tuliporudi, mkuu wa shule akasema hakuna kujazana bwaloni, kwa hiyo hakuna mchezo. Nikakubali. Makaratasi nikayafungia kabatini.

Kisha akaja Madam Vumilia. Ni binti wa Kilolo, amekulia kwenye kwaya ya Kilutheri, anafundisha kwa kujitolea huku akisubiri ajira. Siku moja nilifungua kabati akayaona yale makaratasi, akayasoma amesimama hapohapo.

"Madam Atupele, nyimbo hizi zinalala humu kwa nini? Tuwatoe watoto uwanjani."

Akachora alama za chokaa kwenye nyasi, kila mwimbaji na alama yake, hatua nne kutoka kwa mwenzake. Kwa umbali ule hawakuweza kusikilizana, basi yeye akasimama katikati na ngoma, akiwashikia mapigo. Wasichana wanaojua cherehani wakashona barakoa za vitenge. Na Leokadia, yule mwenye sauti, niliyempokea kidato cha kwanza akiwa hawezi hata kujibu salamu bila kuinama, sasa akitoka darasani ananipita mlangoni kwangu na kwenda kwa Vumilia.

Nikaanza kuona vitu vidogo vidogo. Mkuu akisema "mchezo wa Madam Vumilia" mbele ya walimu wote. Wapishi wakimwekea viazi vya moto. Nina miaka minane hapa, sijawahi kuwekewa hata kimoja. Kila neno lililoimbwa pale uwanjani nililiandika mimi, dada, na hakuna aliyekumbuka.

Vumilia amepanga chumba nyuma ya kiwanda cha mbao. Unga wa mbao unaingia hadi kwenye sufuria. Aliniambia mwenyewe, "Kikohozi hiki ni huo unga tu, Madam. Upepo ukigeuka napona." Kwa hiyo nilijua. Jumatatu moja alikohoa kwenye chumba cha walimu, nami nikamfuata mkuu ofisini kwake.

"Mimi sisemi kitu, Mkuu," nilimwambia. "Ila wazazi wakisikia anakohoa na bado yuko na watoto wao..."

Sikumalizia, wala haikuhitajika. Kabla ya chakula cha mchana Vumilia alikuwa ameambiwa akae nyumbani wiki mbili. Mchezo ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili. Aliondoka, ngoma ikabaki kwenye nyasi.

Siku ya kwanza nilifurahi, sikufichi. Siku ya pili nikashika ngoma mwenyewe. Watoto waliimba bila kukosea na bila uhai, kama wanaojibu mtihani. Leokadia akaniuliza, "Madam Vumilia anaumwa kweli?" Nikamjibu, "Imba."

Wimbo wa tatu ukawa unatuvunjikia kila siku, kwa sababu mapigo yake aliyajua yeye peke yake. Siku ya tano nikaenda kwake. Nilimkuta anatoka mtoni na ndoo kichwani, wakati bomba liko palepale uani. Mwenye nyumba alikuwa amemkataza kuligusa. Dukani walikuwa wanamwekea chumvi juu ya jiwe na kurudi nyuma. Aliponiona alisimama mbali.

"Usisogee, Madam. Wakikuona na mimi watakufukuza na wewe."

Nilimuuliza habari ya mapigo. Akatua ndoo, akanipigia kwenye ubavu wa ndoo, akarudia, akarudia tena mpaka nikashika. Nikashukuru, nikaondoka. Sikumwambia. Njia nzima nilikuwa nayapiga pajani huku nalia, na bado, dada, namwonea wivu kwamba mapigo mazuri vile yalitoka kichwani mwake na si mwangu.

Kesho yake nilimweleza mkuu. Akaweka kalamu chini.

"Ulijua ni unga wa mbao?"

"Nilijua."

"Kamwambie mwenyewe. Na mwenye nyumba wake asikie."

Nikaenda. Niliyasema mbele ya wote wawili, mwenye nyumba akiwa anachambua maharage. Yule mama alisonya, akainuka, akachukua ndoo ya Vumilia na kuijaza bombani kwa mkono wake. Vumilia akanigeukia.

"Mimi nilikuwa nakusifia kwa mama yangu," alisema. Kisha akauliza, "Wimbo wa tatu mmefikia wapi?"

Alirudi kwenye ngoma yake, na siku ya mchezo wazazi walikaa kifamilia kwenye madawati yaliyotolewa nje. Leokadia alipoimba pale binti anapoitika kutoka kwenye moshi, dereva wa lori la magogo alisimamisha gari barabarani akateremka kusikiliza. Mwishoni mkuu alimwita Vumilia apongezwe. Yeye akasema, "Maneno yote haya ni ya Madam Atupele." Watu wakanigeukia na kupiga makofi. Ndiyo yale niliyokuwa nayatamani siku zote hizo, na sikuweza kuinua uso kuyapokea.

Hatujawa marafiki. Ananisalimia "Kamwene, Madam," na kupita. Juzi mkuu alitaka tuandike msimamizi wa mchezo wa mwakani. Niliandika jina lake juu, langu chini. Niliandika polepole, kwa sababu wivu bado uko, haujahama. Lakini niliandika.

Nisalimie mama, na umwambie fimbo si aibu. Msalimie shemeji, na wale waimbaji wangu wa mezani, na jirani yako muuza maparachichi aliyenifungia mzigo siku naondoka. Mama ukitaka msomee barua hii, ukiona haifai mwache. Ila ukinijibu, usiniandikie kwamba ni mambo ya kibinadamu. Niandikie ulivyoona.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Atupele