Mlango wa Mninga Usiokauka

Mama,

Shikamoo. Naanza hivyo kwa sababu sijui pengine pa kuanzia, na wewe ulikuwaga hupokei neno lolote kabla ya shikamoo, hata kama nyumba inawaka moto.

Tumehama, mama. Hilo ndilo kubwa, bora nilitoe kwanza. Tulikuzika kilimani nyuma ya nyumba tukidhani tutakupitia kila asubuhi tukienda kisimani. Kaburi lako halijaota majani vizuri, likaja tangazo kwamba watu wote wa vilima vyetu wateremke kwenye kijiji cha ujamaa, huku chini kando ya barabara ya Bunda. Lori likaja. Kaka Magesa akang'oa boriti, akang'oa mlango, tukapakia mitungi yako na kuku waliokubali kukamatwa. Mimi nikabaki nimesimama mbele ya ukuta wako, ule uliouchora kwa udongo na majivu. Magesa akaniita kutoka juu ya lori, "Nyangeta, twende! Ukuta haubebeki!" Kweli, haubebeki. Nikapanda nikilia mbele za watu, mtu mzima mimi, mwalimu wa kisomo, na dereva anapiga honi.

Huku si kubaya sana, nisije nikakudanganya. Shule iko karibu, zahanati inajengwa, na jioni nawafundisha wazee kusoma. Mama mdogo anakaa nyumba ya pili kutoka kwetu, na mdomo wake ni uleule. Lakini nyumba zimepangwa mstari mmoja, zote uso mmoja, na kuta zetu bado ni tope tupu lenye alama za vidole. Hakuna aliyesiriba. Kila mtu anasema atasiriba baadaye, kama vile bado tuko safarini.

Mimi nilikuwa na mpango wangu. Unamkumbuka yule sista wa misheni ya Musoma aliyenifundisha kuchora? Alirudi kwao. Akaniachia bati la biskuti lenye rangi za mafuta, zile za mirija kama dawa ya meno. Nikasema moyoni, basi, nitachukua mlango wetu wa mninga, ule aliouchonga baba, nitaulaza juu ya magogo, na juu yake nitauchora ukuta wako kama ulivyokuwa. Ile michirizi myekundu, majivu, yale mawimbi meupe. Ukuta haubebeki, lakini picha yake itabebeka.

Ole wangu. Nilisimama juu ya mlango ule na penseli na rula, nikashindwa. Kila nikifumba macho nauona ukuta mzima, na kila nikiyafumbua siukumbuki hata mstari mmoja. Mchirizi mwekundu ulipanda au ulishuka? Nachora, nafuta. Nachora, nafuta. Niliogopa sana, mama. Nilihisi unaniponyoka kwa mara ya pili, na safari hii mwenye kosa ni mimi. Na Magesa huku ananikalia kooni. Nyumba tumeiziba kwa gunia, fisi wanazunguka, na mvua zi karibu. "Mlango ni wa kufunga nyumba," anasema. "Kama unataka kuchora, si uchore gunia?"

Nikamwomba mwenyekiti wa kijiji ruhusa niende kilimani nikautazame ukuta mara moja tu. Ni msimu wa kuchuma pamba, hakuna mtu anayeachiwa hivihivi, lakini yeye naye ni mtu wa vilima vyetu. Akasema, "Nenda, ila urudi jioni hiihii. Na hiyo picha yako, Ndugu Nyangeta, iwe ya watu wanaolima. Wageni wakipita kwenda Butiama waone kijiji kinafanya kazi." Nikaitikia tu ili niende.

Mama, ukuta umeanguka.

Haukuwa na paa, mvua imeunyeshea, na ng'ombe wa watu wamekuja kujikuna. Nimekuta kichuguu cha udongo na majani yameshaota juu. Nilipiga magoti nikachakura kama kuku. Nilipata bonge moja lenye wekundu kidogo, nikalinyanyua, likavunjikia mkononi. Nikaja kaburini nikang'oa magugu, na sikukusalimia. Hukusikia kwa sababu sikusema, lakini nilikuwa na hasira na wewe. Kwa nini hukunifundisha? Wenzako walikuwaga wanachora kwanza kwa kijiti, mtoto anaona, anashika. Wewe hapana. Ulichota udongo, ukageuza uso pembeni kama mtu aliyeitwa na jirani, halafu paa! kiganja ukutani. Pale kilipotua ndipo mwanzo. Nikikuuliza, "Mama, unachora nini?" unanijibu, "Mwenye udongo mkononi haulizwi," halafu unanituma maji. Utoto wangu wote nimechota maji kwa sababu ya swali hilo. Nikawa nayajua mapipa yako kuliko kuta zako.

Nilishuka kilima nimenuna. Lakini kesho yake mchana, nilipotoka shambani, nilisimama tena juu ya mlango, na penseli sikuichukua. Ya nini? Sikuwa na kitu cha kuiga tena. Nilikamua mrija mwekundu wote kwenye kiganja, wote mama, sista angezimia. Nikageuza uso upande wa barabara. Nikapiga.

Nilipotazama, kiganja kilikuwa kimetua kombo, karibu na ukingo, mahali ambapo nisingepachagua hata kwa kulipwa. Nikapafuata. Nikavuta wekundu kwa vidole mpaka ulipokwisha, pale ulipokwisha nikatia manjano kwa sababu manjano ndiyo iliyokuwa karibu. Halafu bluu nzito, ile ya ziwa kule Mugango kabla halijachafuka. Sikufikiri. Naona haya kuandika hivyo, mimi ninayewaambia wazee kila jioni wafikiri kwanza, lakini sikufikiri chochote.

Halafu nikaharibu. Ujue udongo hausubiri, ukichelewa umekauka. Mwili wangu unajua hivyo tangu utotoni, basi nikawa nakimbia, natia rangi juu ya rangi, haraka, haraka, kabla haijakauka. Kumbe rangi ya mafuta haina haraka hata kidogo. Inakaa mbichi siku na siku. Wekundu ukaingia kwenye bluu, bluu ikaingia kwenye manjano, katikati pote pakawa tope. Tope lilelile nililolichakura kilimani! Nilikaa chini nikalia. Nikainuka, nikaokota gunzi la muhindi nikaanza kulikwangua lile tope kwa hasira, na chini yake wekundu ukatokea kwa mistari, mingi, kombokombo. Sikupanga. Nikaendelea mpaka mrija wa mwisho ukakoroma.

Hapo ndipo mwenyekiti akapita. Akazunguka mlango. Akainamisha shingo huku, akainamisha kule. "Ndugu Nyangeta, watu wako wapi? Jembe liko wapi? Hiki ni nini?"

Mama mdogo alikuwa anapeta mtama pale kizingitini kwetu. Hakuinua hata uso. "Mwenyekiti," akasema, "mwenye udongo mkononi haulizwi. Ndoo hiyo hapo, kisima unakijua."

Mama, aliichukua! Alicheka kwanza, akanitazama, halafu akaichukua ile ndoo na kofia yake kichwani akaenda kisimani. Nami nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Baadaye usiseme sikukuambia jambo la furaha.

Lakini kicheko kiliisha. Kila siku nilikaa mbele ya mlango ule nikikutafuta. Nilitafuta mchirizi wako, mawimbi yako, hata kosa lako moja. Nimeutazama kutoka juu mpaka chini, asubuhi na jioni, na wewe hupo. Kuna hasira mle, kuna gunzi, kuna mimi. Wewe hupo. Hiyo imeniuma kuliko siku ya lori. Nikamwambia Magesa, "Chukua mlango wako." Hakuuliza mara mbili. Akauning'iniza siku ileile, rangi ikiwa upande wa nje. Sehemu nyingi zilikuwa zimeshakauka. Na tulipoufunga, ukakwama. Mlango huu bado unakwama, mama, nyumba mpya na ukaidi wa zamani, mpaka uusukume kwa mkono ndipo ufunguke.

Sasa sikiliza. Wiki zikapita. Mlango umekauka wote, watoto wanauparuza kwa kucha na hauachi kitu. Lakini Magesa akirudi shambani anaingia na kiganja chekundu. Mama mdogo akija kuomba moto, kiganja chekundu, ananitukana mpaka jioni. Mwenyekiti alikuja kutuita mkutanoni, akashika shati lake jeupe, nikaona aibu mpaka basi. Nikajiuliza, rangi hii inatoka wapi? Nikaenda nikapapasa mlango polepole. Juu kavu. Chini kavu. Halafu karibu na ukingo, usawa wa kifua changu, vidole vyangu vikadidimia.

Kuna kibonde pale, mama. Kwenye ubao wenyewe, chini ya rangi. Sikuwahi kukiona kwa sababu ubao ulikuwaga mweusi kwa moshi. Rangi ilijaa mle ikawa nene, ndiyo maana haikauki. Baba alikuwa mrefu, alisukuma kwa juu. Magesa zamani alisukuma kwa bega. Aliyeusukuma mlango huu akirudi kutoka kisimani alfajiri na kutoka shambani jioni, miaka yote ya maisha yangu, kwa kiganja, ni wewe. Mninga, mama! Umeubonyeza mninga mpaka ukakubali. Na sasa mtu yeyote akitaka kuingia mkono wake unakwenda palepale wenyewe, bila kufundishwa, na ndipo kilipotua kiganja changu siku ile nilipogeuza uso.

Nilisimama pale mkono wangu ukiwa umekaa ndani ya mkono wako, na nililia mpaka mama mdogo akafunga mlango wa kwake kwa heshima.

Bado nina uchungu, nisikufiche. Kaburi lako liko mbali, na sijui kama nitaruhusiwa kuja kila ninapotaka. Lakini pamba ikiisha nitakuja kulisafisha, na safari hiyo nitakusalimia kabla ya yote. Nikirudi nitasiriba nyumba hii, kuta zote, bila rula. Watoto wa Magesa wakiniuliza nachora nini, nitawatuma maji. Na kile kibonde sitakifuta, wala sitapaka kitu kingine juu yake. Kikauke kwa wakati wake.

Lala salama, mama. Wageni waliokuwa wanapita kwenda Butiama walisimama jana kwetu, wakasukuma mlango, wakaomba maji ya kunywa. Wameondoka na viganja vyekundu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza.

Mwanao,
Nyangeta