Babu Alipopelekwa kwa Ujanja wa Ndama

Chebet mjukuu wangu,

Huku Njoro hatujambo, baba yako amemaliza kupanda viazi. Umeuliza mbona nilikimbilia hospitali kwa sababu ya mafua tu.

Nilipokuwa msichana, babu yangu alikohoa wiki nzima, akisema ni vumbi la ngano. Hospitali alikataa. Nikamwita daktari wa mifugo, nikidai ndama wetu anakohoa.

Daktari akampima ndama, kisha akamgeukia babu. "Mzee, ndama ni mzima. Anayekohoa ni wewe."

Akampeleka hospitali, kumbe babu alikuwa na nimonia. Alipona, ila hakunisemesha mpaka mavuno.

Sasa mzee ni mimi, na mafua yananishika vibaya. Sikungoja kudanganywa. Nilivaa nguo ya kanisa, nikajipeleka.

Nyanya yako