Mama Yake Milena na Ile Karatasi

Edmonton, London, Jumanne, Januari 2003

Salum wangu amenipikia samaki wa nazi, mume wa miezi miwili tu, nami nimeshindwa kula. Nampenda mpaka naona haya, lakini Milena hanitoki kichwani.

Milena ni Mbulgaria, tunaogesha wazee pamoja kwenye nyumba ya kuwatunzia. Leo alilia kwenye chumba cha chai. Enzi za ukomunisti, anasema, serikali ya kwao ilipasha joto nyumba ya kila mtu. Siku hizi msaada wa kuni ni wa maskini tu, na afisa wa ustawi huja nyumbani kukagua nani maskini kweli. Mama yake alimpa kahawa, akajivuna kwa picha ya Milena: "Binti yangu yuko London." Msaada ukakatwa: mwenye mtoto ng'ambo hahesabiwi maskini.

"Wataurudisha," Milena aliniambia, "mama akitia saini kwamba nimemtupa."

"Si atie tu? Ni karatasi tu hiyo."

"Nimembembeleza kwenye simu. Anasema hamkani mwanawe kwa ajili ya kuni."

Na huko theluji imefika madirishani. Tukainuka, tukaenda kumwogesha mama wa mtu mwingine kwa maji ya moto.