Mkwe Ametoa Shamba la Kichinjio Juu ya Maji Yetu

Ngendo wangu anaolewa, Shangazi, na kaunti ya ng'ambo ya mto inataka kujenga kichinjio kwa shamba la baba mkwe wake, juu tu ya pale bomba letu la maji linaanzia. Nimeanza na hayo kwa sababu yamenijaa mdomoni, sasa wacha nikusalimu kama mtu. Hujambo, Shangazi Nkirote, mimi ni mama wa watoto wanne huku Kieni, na ninaomba unisaidie mbio.

Ngendo ndiye kifungua mimba wangu, na sijivuni, lakini ndiye wa kwanza hapa kwetu kusomea mipango ya ardhi, ana digrii, yuko na ofisi kwa kaunti yetu na kiti cha kuzunguka, na ukiona soko letu jipya limekaa mbali na barabara ndio watoto wasigongwe, hiyo ni kalamu yake. Mimi niliachia darasa la saba, lakini ramani ninaisoma, maana yeye huzileta nyumbani anazitandika kwa meza na mimi ninaondoa chupa ya chai. Kijana anaitwa Murungi, ni fundi wa stima huko upande wa Nanyuki, mpole, anamaliza chakula chochote unachompa, hata mimi nimeshampenda. Boma la baba yake, mzee Mburugu, naliona nikikama ng'ombe, ni mto Kamweru tu uko katikati. Lakini huo mto ndio mpaka, sisi tuko kaunti hii na wao wako ile ingine.

Juzi Ngendo alileta ramani ya kaunti yetu, na hapo kando ya mto wameweka bomba la maji, zahanati na nasari, nikamuuliza ng'ambo kuna nini, kwa sababu karatasi hapo ilikuwa nyeupe tupu kama hakuna mtu anaishi huko.

"Maitu, mama yangu, ramani yetu inaishia mtoni."

"Na maji yanaishia wapi?"

Akaikunja ramani kabla chai haijaisha. Wiki hiyo hiyo vigingi vikapigwa kwa shamba la Mburugu, ndio tukasikia ni kichinjio, cha ng'ombe na mbuzi wa masoko yote ya upande ule, na kumbe ramani yao pia inaishia mtoni, huku kwetu ndiko nyeupe. Ngendo akaomba wakubwa wake waite wenzao wakae meza moja. Akaambiwa mtu haingilii boma la wenyewe. Wale wa ng'ambo nao wanasema wanangoja sisi ndio tuwaite.

Shangazi, mwenyekiti wa mradi wa maji ni mimi. Boma zote za hapa chini zinakunywa kwa hilo bomba. Na kwa vile nilikuwa nimesimama kanisani nikaambia watu mambo ya ramani walale usingizi, binti yangu ndiye huchora, sasa kila nikipita sokoni wananiuliza, "Mama Ofisa, hiyo damu tutaichuja na leso ama na chujio ya chai?"

Nikavuka daraja nikaenda kwa Mburugu. Alinikaribisha vizuri, akaniwekea chai ya maziwa, akacheka.

"Mama Ngendo, si sasa nyama ya harusi itakuwa karibu? Mimi nimepeana shamba tu. Mengine ni ya kaunti."

"Na mjukuu wako akija kutembelea nyanya yake, mzee, atakunywa nini?"

Akanisogezea sukari. Chai sikumaliza.

Sasa sikiza nilichofanya. Ruracio, siku ya mahari, ni mwisho wa mwezi. Unajua wazee wakishakubaliana mahari, msichana huitwa mbele ya watu wote, anapewa kikombe cha muratina, pombe yetu ya asali, anaulizwa kama wazee wanywe. Akionja, wanakunywa na mambo yameisha. Akikataa, hakuna anayekunywa, wageni wanarudi na mbuzi wao. Nimemwambia Ngendo akipewa hicho kikombe akishike tu, asionje, mpaka Mburugu aseme mbele ya umati kwamba vigingi vitang'olewa. Akalia, akasema, "Maitu, unataka niolewe ama unataka nikufanyie kazi ya kaunti kwa ruracio yangu?" Baba yake, Gikonyo, mtu wa kuongea mara moja kwa wiki, akasema mbuzi wa mahari hawanunui mto. Tangu hapo binti hapokei simu yangu. Na Murungi amenitumia ujumbe: "Mama, wazee wetu wakinyimwa kikombe, hawatarudi tena."

Lakini nimeshaambia chama cha maji, na wakapiga makofi, na wote wanakuja kuona. Nitarudije nyuma? Kuna kikao Alhamisi ijayo saa nne asubuhi kwa shule ya msingi ya huko kwao, ati wananchi watoe maoni juu ya kichinjio, lakini hicho ni cha watu wa kaunti ile, sisi hatuhusiki. Nikinyamaza tunakunywa damu. Nikisimama imara nampoteza mtoto. Nishike wapi?

Mama Ngendo, Kieni

*

Mama Ngendo, hongera, umelea. Sasa keti.

Hofu yako juu ya maji ni ya haki, na asikuambie mtu kwamba unapenda kelele. Kichinjio huosha damu na kinyesi kila siku, na mto hupeleka kila unachoutilia. Hapo niko nawe kabisa.

Kwa kikombe siko nawe. Siku ya ruracio wazee wanaongea, shangazi wanaongea, wajomba wanaongea, hata jirani aliyekuja kula anaongea. Neno la binti ni lile moja tu, na wewe umemnyang'anya ulifanye bango la kupinga kichinjio. Tena umempelekea mtu asiye na uwezo. Mburugu alikuambia ukweli na ukaacha chai yake: yeye ametoa shamba, kaunti ndiyo inaamua. Tuseme anaapa mbele ya umati kwamba vigingi vitang'olewa. Jumatatu kaunti inavipigilia tena, au inahamia kwa jirani yake, mita chache kando ya mto ule ule. Na binti yako? Kila ramani atakayochora ataulizwa ililipiwa mbuzi wangapi. Unampenda, najua, lakini hiyo kazi unayojivunia ungeimaliza wewe mwenyewe, mbele ya wageni, huku chama kikipiga makofi.

Ngendo, najua mtu atakusomea ukurasa huu. Kesho asubuhi mwandikie mkubwa wako kwamba unaolewa katika boma lenye hilo shamba, na uombe faili ya huo mto ishikwe na mwenzako. Itamuuma mama yako kuliko wewe. Huyo mwenzako asiulize tena nani atamwita nani kwanza. Sheria ya mipango ya ardhi inaruhusu kaunti mbili kuandaa mpango wa pamoja kwa jambo linalovuka mpaka, kwa hivyo aombe hilo kwa maandishi: watu wa pande zote mbili, karatasi moja, na mto upite katikati yake badala ya kuwa ukingo. Watu wa ng'ambo wanahitaji kichinjio, na hata nyinyi nyama mnakula. Kitafutiwe mahali mbali na maji. Na ile zahanati yenu, Mama Ngendo, maji machafu yake yatamteremkia nani? Kuna watu chini yenu pia, na sidhani kuna aliyewauliza.

Sasa nikugombeze mara ya mwisho. "Sisi hatuhusiki." Nani alikuambia? Mto haukuulizi kitambulisho ukivuka, na wewe ndiye unayekunywa ulichotiliwa juu. Kile kikao ulichokipuuza ndipo mahali pa kusema yale uliyotaka kumlisha binti yako pamoja na muratina. Andikeni pingamizi, mtie sahihi, mhakikishe nakala yenu imepigwa muhuri, na nyingine ziende kwa ofisi za kaunti zote mbili na kwa watu wa mazingira. Chota chupa moja ya maji ya bomba lenu uiweke mezani mbele yao. Ukifika, msalimie Mburugu kwanza, ni mkwe wako. Ukipewa kipaza sauti usiseme wewe ni mama wa ofisa. Sema unakunywa maji hayo, kisha uwaonyeshe chupa.

Leo, kabla hujakama, nenda kwa binti yako kwa miguu kama simu hapokei. Mwambie kikombe ni chake, aonje au asionje, na wewe utakuwa nyuma ukihudumia wageni. Halafu simama kanisani useme umelifuta lile neno la binti yako na ramani, kwa sauti ile ile uliyolitangazia.

Chama kilitaka kuja kuona. Kiambie mahali pa kuona pamebadilika: ni Alhamisi, saa nne asubuhi, shule ya msingi ng'ambo ya daraja, na waje wote.

Shangazi Nkirote