Risasi Zilizovishwa Karatasi

Ijumaa, mwezi wa saba

Mvua ilianza saa nane, ikapiga mabati mpaka nikawa simsikii mteja aliyesimama mbele yangu. Sasa imepungua, mitaro ya barabarani inanguruma, na duka nimeshalifunga. Nimechoka, lakini zaidi ya kuchoka nimekereka. Nimekereka wiki tatu mfululizo. Leo nitayaandika yote, maana hapa ndipo mahali pekee ninapoweza kuyasema.

Chanzo ni bunduki ya Babu.

Babu yetu mzaa baba aliletwa huku Kisii akiwa askari, akaoa, akafungua duka, na serikali ikamwachia bunduki moja ya kuwindia. Ni ndefu na nzito, inakula risasi moja tu kwa wakati. Ukivuta mkono wa chuma ulio chini yake, mlango wa nyuma unafunguka, unatia risasi, unafunga. Babu alipokufa ikawa ya Baba. Baba alipofariki, leseni ikaandikwa jina la mdogo wangu Ramadhani, kwa kuwa ndiye mwanamume. Mimi nimemzidi miaka tisa. Ndoa yangu kule Kendu ilipovunjika nilirudi nyumbani, nashona nguo, naendesha duka. Lakini mambo ya bunduki ni yake. Ndivyo anavyopenda kuniambia.

Mwezi uliopita Mjomba Nyakundi, kaka yake Mama, alikuja kwa miguu kutoka Marani. Nguruwe pori wamelivamia shamba lake. Wanatoka kichakani kule mtoni jua likizama, wanaangusha mahindi mabichi, wanatafuna nusu na kukanyaga nusu.

"Mpwa wangu, hapa kwenu iko bunduki," alimwambia Ramadhani. "Mahindi inaisha. Sisi tutakula nini?"

Ramadhani alimuahidi kabla chai ya Mjomba haijapoa. Hakukumbuka kwamba bunduki haina risasi.

Tangu vita vya dunia viishe, risasi za namna ile haziletwi tena. Muuza bunduki wa Kisumu alimwambia hivyo, akamuuzia baruti na fataki za kuiwashia, akamshauri asubu risasi zake mwenyewe. Maganda matupu ya shaba tulikuwa nayo, Baba aliyahifadhi kwenye mkebe. Kalibu ya Babu pia ilikuwapo, kitu cha chuma kama koleo, ukiibana inafanya tundu la risasi moja. Kilichokosekana ni madini ya risasi yenyewe. Hayo nikayapata mimi: makasha ya majani ya chai yaliyokuja dukani zamani yametandikwa ndani karatasi laini za risasi. Nilizibandua moja moja mpaka kucha zikaniuma.

Ramadhani hata asante hakusema.

Basi ua wetu ukageuka karakana. Jiko la makaa, kikaango cha chuma cha Mama, moshi, na yeye amejifunga kitambaa puani kama daktari. Siku ya tatu tone la maji lilidondoka kutoka kwenye bati, likaingia katika madini yaliyoyeyuka. Kikaango kililipuka. Matone ya moto yaliruka ua mzima. Yeye alipata lengelenge moja kwenye kidole cha mguu, akalia kama amekatwa mguu. Mimi nilipata matundu manne katika gauni la bibi arusi wa Suneka, lililokuwa linasubiri vifungo tu. Nilikaa siku mbili nikishona maua juu ya yale matundu, nikimwambia mwenye gauni kwamba huo ndio mtindo mpya.

Hatimaye akapata risasi ishirini, nyeupe, zinang'aa. Alizipanga dirishani wapita njia wazione. Akaenda kuzijaribu kule machimboni nyuma ya mji, akapiga ubao kwa hatua hamsini. Risasi sita, mbili ndizo zilizougusa ubao, na matundu yake hayakuwa mviringo. Yalikuwa marefu, kama tundu la funguo. Risasi zilikuwa zinaruka kiubavu.

Nilichukua risasi moja nikaiingiza mdomoni mwa mtutu. Ilizama yenyewe. Haikugusa popote.

"Inapwaya," nikamwambia. "Ni nyembamba kuliko mtutu."

"Dada, hii ni bunduki, si gauni."

Nilinyamaza. Hapo nilikosea, na kosa hilo naliandika kwa jina langu. Nilijua nimeona sawa, nikanyamaza kwa sababu nilitaka ashindwe.

Na alishindwa, ila ukaidi haukumtoka. Aliamua tatizo ni baruti kidogo, akaongeza. Bunduki ilimpiga teke begani akaanguka chali, bega likawa rangi ya biringani. Akaongeza tena. Halafu akapeleka ujumbe Marani kwamba silaha iko karibu kuwa tayari, wasiwe na wasiwasi.

Jumapili iliyopita wakamleta Kemunto, mke wa Mjomba, amebebwa kwenye machela ya matawi. Alikuwa shambani anawafukuza nguruwe kwa kupiga debe. Dume moja halikukimbia. Lilimpasua nyama ya mguu kutoka nyuma ya goti mpaka karibu na kisigino. Hospitalini walimshona, wakasema atapona lakini atachechemea. Nilipokuwa namshikia kikombe cha uji aliniuliza, bila hasira hata kidogo, kama bunduki imeshatengenezwa.

Nilikinyanyua tu kikombe mdomoni pake tena.

Jioni hiyo tuliporudi nyumbani Mama alikuwa jikoni anachambua mboga za chinsaga. Hakuinua macho.

"Babu yenu alikuwa akizifunga karatasi," alisema.

Ramadhani akauliza anafunga nini.

"Hizo risasi. Nilipoolewa hapa nilikuwa namwona kila mwezi. Anakata karatasi nyembamba ya barua, anailowesha, anaizungusha mara mbili, anaisokota mkia. Ikikauka anaipaka nta ya nyuki na mafuta ya kondoo. Kalibu ile imetengenezwa ndogo makusudi, ili karatasi ipate nafasi."

Wiki tatu! Wiki tatu tumechoma makaa, tumeharibu gauni, tumeharibu bega, na yule mwanamke ameketi hatua nne kutoka kwenye lile jiko anatutazama. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Mliniuliza?" akasema. "Wewe uliposema ukaambiwa hiyo si gauni. Mimi ningeambiwa nini?" Kisha sauti yake ikashuka. "Na sikutaka mwanangu aende kusimama mbele ya nguruwe. Lakini sasa wamempasua Kemunto."

Nilikuwa tayari kumkasirikia, nikakosa pa kuanzia. Kweli sikumuuliza. Mimi ninayelalamika kwamba siulizwi kitu, sikumuuliza mama yangu hata neno moja.

Usiku huohuo nilichukua karatasi nyembamba ile inayokuja imefungia majora ya kitambaa, nikaikata kwa mshazari, nikaanza kuzivisha. Ya kwanza ilikuwa nene mno, haikuingia. Ya tatu iliingia kwa kubanwa kidogo, kama mkono unavyoingia kwenye bangili. Jumanne Ramadhani aliijaribu. Bega lilimtisha, kwa hiyo aliilaza bunduki kati ya magunia mawili ya mchanga, akageuza uso, akavuta. Tundu lilikuwa mviringo kabisa, katikati ya ubao.

"Nilikwambia itakubali," akaniambia.

Hayo ndiyo maneno yake. Namshukuru Mungu kwamba bunduki haikuwa mikononi mwangu wakati ule.

Jana tulikwenda Marani. Mjomba alitaka Ramadhani peke yake, lakini Ramadhani alisema lazima niende kubeba risasi. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa, na mimi nilijua, na nilikwenda. Tuliketi nyuma ya rundo la mabua, upande wa juu wa shamba. Mjomba na vijana wake walibaki nyumbani kama tulivyowaomba. Jua lilikuwa limeegemea mlima wakati mahindi yalipoanza kutikisika.

Walikuwa watano. Dume lilikuwa mbele, manyoya ya mgongoni yamesimama.

Ramadhani aliinua bunduki. Niliona anafumba macho yote mawili. Risasi ilikwenda juu ya miti. Nguruwe wanne walitimka kuelekea mtoni. Dume lilibaki palepale, likageuka, likatutazama kupitia moshi. Hatukuwa mbali nalo hata hatua thelathini.

"Weka nyingine," nikamnong'oneza. Hakuweka. Alikuwa amelishika bega lake.

"Siwezi, Dada," akasema. "Siwezi."

Nikaichukua.

Kabla Ramadhani hajazaliwa, Baba aliwahi kunipeleka machimboni mara tatu au nne. Nilikuwa na miaka minane, yeye ndiye aliyeubeba mtutu, mimi nililenga na kuvuta tu, akacheka mpaka machozi yakamtoka nilipoangusha kibuyu. Sikuwa nimeifyatua tangu siku zile. Lakini mkono ulijua. Nilivuta chuma cha chini, ganda likaruka, nikatia risasi niliyoivisha mwenyewe, nikafunga. Dume lilikuwa limeanza kuja. Nilisubiri mpaka nikaona kifua. Nilivuta pole pole, kama Baba alivyoniambia.

Likapiga magoti, likalala ubavu. Halikunyanyuka.

Nilimrudishia bunduki haraka, maana leseni ina jina lake, si langu, na mtu akiniona nayo tutafungwa wote wawili. Ndiyo maana Mjomba alipokuja mbio na vijana wake alimkuta Ramadhani ameishika. Akamkumbatia, akamwinua kutoka ardhini. "Wewe ni mwanaume! Wewe ni damu ya babu yako!" Ramadhani alinitazama juu ya bega la Mjomba. Alikuwa na nafasi ya kusema chochote, hata kwa mzaha.

Hakusema.

Halafu ikaja kazi ya mzoga. Sisi Waislamu hatuli nguruwe, na kanisa la kina Mjomba nalo halimruhusu. Hakuna aliyetaka hata kumgusa. Wakachimba shimo, wanabishana nani avute miguu, na shujaa wetu amekaa kwenye kigoda anapewa maziwa.

Tulifika nyumbani leo asubuhi. Mama alimsikiliza Ramadhani akisimulia yote, akaitikia kila mahali panapotaka kuitikiwa. Kisha akaja kwangu. Alichovya pembe ya kanga yake kwenye ndoo, akanipangusa shavu la kulia. Kanga ikatoka nyeusi kwa masizi ya baruti. Alinishika kidevu kidogo, akarudi jikoni.

Mchana wote Ramadhani alikuwa kaunta anasimulia. Kwa mteja wa kwanza dume lilikuwa kama mbuzi mkubwa. Kwa wa tatu lilikuwa kama ndama. Kwa mzee wa Keroka aliyekuja kununua sukari, lilikuwa na pembe.

Mvua ilipotufungia ndani, tukiwa wawili tu, nikamwambia.

"Jumatatu tunakwenda bomani, wewe na mimi. Utamwambia karani unataka jina langu liandikwe kwenye leseni pamoja na lako."

"Dada, mwanamke? Karani atacheka."

"Acheke. Mjomba ametuma salamu, wale nguruwe wanne bado wako kule mtoni. Unataka kwenda peke yako?"

Aliokota risasi moja juu ya kaunta, akaigeuzageuza, akapitisha kidole pale karatasi inapopindana.

"Nilifumba macho," akasema.

"Niliona."

"Hukuwaambia."

"Wewe ndiye ulipaswa kuwaambia."

Akaiweka chini. Nilidhani ataondoka, au atakasirika. Badala yake akasema atamwambia Mjomba mwenyewe, uso kwa uso, akienda kumjulia hali Kemunto. Sijui kama atafanya hivyo. Namjua. Labda atamwambia nusu.

Lakini Jumatatu amekubali. Najua amekubali kwa sababu alipofika mlangoni aligeuka, akasema, "Basi nipigie pasi ile kanzu nyeupe. Bomani siwezi kwenda na hii."

Nikamwonyesha mahali pasi ilipo.