Maua juu ya saki ya Godelieve

Élisabethville, Jumamosi, siku ya posho, mangaribi

Niko na wivu, sitaficha hapa.

Tangu juzi bwana yangu Léon, fundi wa ngozi, anatengeneza saki, mufuko wa mukono wa ngozi, ya Mama Godelieve, mujane wa nyumba ya pili. Yule mama aliimwangia mafuta ya ngazi, yale mekundu ya michikichi, ku soko. Léon akaweka unga ya chaki, ikanyonya mafuta, doa ikaisha. Angeishia pale! Leo akaanza kuipaka maua mekundu, huku anaimba. Hajaimba vile tangu tulipooana.

Nikamuuliza, "Na saki yangu? Doa yake ya mafuta iko pale tangu Pasaka."

"Ya Godelieve iko kazi, mama. Yako iko ya nyumba, inaweza kungoya."

Ya nyumba!

Alipoenda kuoga nikakamata burashi, nikachora ua yangu mwenyewe juu ya doa. Ikatoka sawa kabichi. Aliporudi, akacheka mpaka akakaa chini.

"Rangi haishiki juu ya mafuta. Leta niitengeneze."

"Usiiguse. Mikono yako peleka kwa Godelieve."



Kesho nitaenda nayo ku misa vile iko. Nitakaa ku banki moja ya kanisa na Godelieve, saki kwa saki, bantu baangalie.