Wapanda Farasi wa Mzee Arthur

Lewisham, London

Dada Rehema,

Kamwene. Umeamkaje huko Iringa, na miguu yako imepungua kuvimba? Baba anapata usingizi? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio umekufa ganzi. Sisikii uchungu wala nafuu.

Tangu mlipomzika mama bila mimi, nakwenda kazini na kurudi, basi. Visa ilikuwa bado inahuishwa, ningetoka nisingerudi, hilo unalijua. Video ya maziko aliyonitumia shemeji ilikaa kwenye simu sijaifungua. Wenzangu wa kanisani walipokuja kunipa pole, niliwachemshia chai kana kwamba aliyefiwa ni jirani.

Sasa, Jumanne, yule mzee ninayemtunza, Arthur, aliyekuwa akifundisha watu kupanda farasi kabla hajapata kiharusi, aliomba nimpeleke kwenye jumba la picha za kuchorwa. Nikamsukuma na kiti chake cha magurudumu mpaka mbele ya mchoro mmoja mkubwa wa zamani. Ni watu wamepanda farasi, wanapita chini ya miti katika bustani ya mji. Ukisogea karibu ni mabaka ya rangi tu, kama mtu amepangusia brashi. Ukirudi nyuma, farasi wanatembea, na jua limewaangukia mgongoni.

Mzee alitazama sana. Kisha akamnyooshea kidole mwanamke aliye juu ya farasi wa kijivu.

"Mke wangu alikaa hivyo, mgongo wima," akasema. "Siku anazikwa mimi nilikuwa nimelazwa. Sikumwona akiteremshwa."

Nikamwambia, "Mimi mama yangu nimeletewa kwenye simu."

"Umetazama?"

"Bado."

"Keti. Tutazame wote."

Nikaketi kwenye benchi kando yake, nikaifungua. Mvua ilikuwa inanyesha, wajomba wamekunja suruali, udongo mwekundu umewaganda viatuni. Nikakuona wewe umeshikiliwa na mama mdogo. Jeneza lilipoanza kushuka, mzee alinishika mkono akalia, machozi yakamlowesha skafu. Mimi nilikaa macho makavu. Nikamfuta uso kama ninavyomfuta kila siku akimaliza kula, nikamrudisha kwake.

Dada, usiwaambie watu kwamba nimejikaza. Sijajikaza. Waambie sijalia bado. Na uliuliza kama mningoje ndipo mgawane nguo za mama. Msiningoje. Wapeni shangazi na wajukuu wazivae. Mimi niwekeeni kile kitenge alichokuwa akijifunga jikoni, na msikifue.

Nisalimie baba, mwambie nampigia Jumapili. Mshukuru mama mdogo kwa kukushikilia, uwasalimie wifi na yule fundi seremala jirani yetu. Mwambie jeneza nimeliona, amelitengeneza vizuri.

Jana nilisikia njaa, ya kwanza tangu msiba. Nikasonga ugali, nikala mpaka sufuria ikabaki na ukoko.

Mdogo wako,
Upendo